Jaribu Kwanza, Tafuta Baadaye: Namna ya Kujifunza kwa Mtandao na Kukumbuka Ulichokisoma

Mwulize mtu yeyote aliyekulia pwani kwa nini bahari hujaa na kupwa, atakujibu bila kusita: ni mwezi. Mwulize tena kwa nini maji yajae mara mbili kwa siku ilhali mwezi hupita juu yetu mara moja tu. Hapo wengi watanyamaza, kisha mkono utaingia mfukoni kutafuta simu. Dakika haitaisha kabla jibu halijapatikana na kusomwa. Wiki ijayo swali likirudi, jibu halimo tena kichwani, na mkono unaingia mfukoni upya.

Jambo hili linamgusa mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye kazi ya nyumbani, mwalimu anayeandaa somo, muuguzi anayejiendeleza, fundi anayejifunza kwa video na mzazi anayebanwa kwa maswali na wanawe. Sote tunatafuta mtandaoni, na kwa kweli ni neema. Mtoto ambaye shule yake haina maktaba anaweza leo kusoma kuhusu figo, Vita vya Maji Maji au milinganyo kwa bando la bei ndogo. Basi tusiwasikilize wanaosema simu imeua akili za vijana. Cha kujiuliza ni hiki: baada ya kutafuta, kichwani kinabaki nini?

Ninachokiamini, na ambacho mwongozo huu umejengwa juu yake, ni kwamba kutafuta hakuna ubaya wowote kukifanyika kwa wakati wake. Hasara inatokana na mambo mawili: kutafuta mapema mno, kabla akili haijapewa nafasi ya kufanya kazi, na kuishia mapema mno, mara tu jibu linapoonekana kwenye kioo cha simu. Yote mawili yanarekebishika, na hayahitaji pesa wala kifaa kipya.

Watafiti wameona nini

Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Betsy Sparrow, Jenny Liu na Daniel Wegner. Katika jaribio mojawapo, washiriki walisoma sentensi 40 za maarifa ya jumla na kuziandika kwenye kompyuta. Nusu yao waliambiwa kompyuta itazihifadhi, nusu wakaambiwa zitafutwa. Baadaye walipotakiwa kuandika wanachokumbuka, walioamini kwamba zimefutwa ndio waliokumbuka zaidi. Katika jaribio jingine, watu walikumbuka folda ilimohifadhiwa sentensi kuliko sentensi yenyewe. Akili ikishajua kitu kimewekwa mahali salama, hujipunguzia mzigo.

Matokeo hayo yasitiwe chumvi. Mwaka 2018 kundi la watafiti lilirudia jaribio moja kati ya yale ya Sparrow na wenzake, lile lililoonyesha kwamba swali gumu humfanya mtu aanze papo hapo kuwaza kompyuta, na safari hii jambo hilo halikuonekana. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba Google imekwisha kubadili ubongo wako. Tunachoweza kusema kwa uangalifu ni kwamba unapotarajia kukipata kitu tena kwa urahisi, hujisumbui sana kukishika.

Na kutegemea kumbukumbu ya mwingine si mambo mapya. Kila ukoo una shangazi anayejua nani kazaliwa mwaka gani na shamba la babu lilipakana na la nani. Wengine hawajisumbui kukumbuka, kwa sababu wanajua wa kumwuliza. Wegner aliyaeleza haya tangu miaka ya 1980, kabla simu haijafika mifukoni mwetu. Lakini shangazi ukimwuliza atakurudishia swali: “Kwani wewe siku ile hukuwepo? Hebu kumbuka, ilikuwa ndiyo tumetoka kuvuna.” Atakulazimisha utafute kichwani pamoja naye. Simu hutoa jibu, ikanyamaza.

Hatari ya pili ni ya kujidhania. Mwaka 2015 Matthew Fisher, Mariel Goddu na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa watu maswali kama “zipu inafanyaje kazi?” Wengine walitafuta maelezo mtandaoni, wengine hawakuruhusiwa. Kisha wote wakaulizwa wangeweza kueleza kwa kiwango gani mambo mengine kabisa, ambayo hakuna aliyeyatafuta. Waliotoka mtandaoni walijipa alama za juu zaidi. Elimu iliyomo kwenye simu walikuwa wameihesabu kuwa yao.

Kwa mwanafunzi, hesabu hiyo hulipwa siku ya mtihani. Arnold Glass na Mengxue Kang wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walifuatilia kazi za wanafunzi zaidi ya 2,400 kwa miaka 11. Mwaka 2008, wanafunzi 14 katika kila 100 walifanya vibaya zaidi kwenye mtihani kuliko kwenye kazi ya nyumbani. Mwaka 2017 walifika 55. Kazi za nyumbani zilikuwa zikirudishwa zimejibiwa vizuri, lakini kwa maelezo ya watafiti hao, wengi walikuwa wakiokota majibu mahali pengine badala ya kuyatoa kichwani. Kwetu tunaita kudesa, na madhara yake ni yaleyale popote.

Kumbukumbu hukomaa unapotoa

Wengi tunadhani kujifunza hutokea tunapoingiza: tunasoma, tunasikiliza, tunatazama video. Ukweli ni kwamba kumbukumbu hukomaa zaidi pale tunapojilazimisha kutoa. Njia ya kwenda shambani isiyopitwa huota majani; ikipitwa kila mara huwa nyeupe, hata usiku unaiona. Kila unapokitafuta kitu kichwani na kukipata, njia ya kukifikia inazidi kuwa nyeupe.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hili mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu likaandika kila lilichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma vipindi vinne waliongoza: asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walikumbuka asilimia 40, waliojilazimisha kukumbuka wakapata 61.

Tazama vizuri hizo dakika 5 za mwanzo, maana ndizo zinazotudanganya. Ukimaliza kusoma jibu mtandaoni, bado liko wazi kama mchana, nawe unaona umeshaelewa. Kipimo cha kweli ni wiki ijayo. Hatua tano zinazofuata zimepangwa kwa ajili ya hiyo wiki ijayo.

Hatua ya 1: Jibu kabla ya kutafuta, hata kama unabahatisha

Swali likija, usiguse simu. Chukua karatasi, jipe dakika mbili, andika jibu lako. Kama hujui, kisia, lakini ukisie kwa sababu. Ukishindwa hata kukisia, andika unachokijua kinachokaribiana na swali.

Turudi kwenye maji ya bahari. Pengine utaandika hivi: “Mwezi huvuta maji ya upande unaoutazama, yanajaa. Dunia inazunguka, kwa hiyo yanajaa mara moja kwa siku. Mara ya pili sijui, labda jua nalo linavuta?” Jibu hilo lina kosa, nalo limeshafanya kazi kubwa. Sasa unajua pengo lako liko wapi, na akili yako inalisubiri jibu kwa hamu.

Je, kukosea hakutatuachia makosa kichwani? Mwaka 2009 Nate Kornell, Matthew Hays na Robert Bjork walionyesha kwamba watu waliojaribu kujibu wakakosea, kisha wakapewa jibu sahihi, walilikumbuka kuliko waliopewa jibu moja kwa moja. Sharti ni kwamba jibu sahihi lifuate. Kwa hiyo kisia kwa ujasiri, kisha usiache kusahihisha.

Hatua ya 2: Tafuta kwa swali lenye makali

Sasa fungua simu. Kwa kuwa umeshajaribu, huna haja ya kuandika “maji kujaa na kupwa” ukamezwa na kurasa elfu. Andika pengo lako lenyewe: kwa nini maji hujaa pia upande wa dunia ulio mbali na mwezi? Swali la namna hiyo huleta jibu linalolenga, na bando halitaisha kwa kuzungukazunguka.

Usiishie kwenye mistari mitatu inayojitokeza juu ya ukurasa. Mistari ile hukatwa kutoka katika maelezo marefu, na mara nyingi kilichoachwa nje ndicho ulichokihitaji: sababu, masharti au mfano. Fungua angalau vyanzo viwili na uvilinganishe. Kama somo lina maelezo machache kwa Kiswahili, soma kwa lugha nyingine unayoimudu, lakini maelezo yako mwenyewe yaandike kwa lugha unayofikiria kwayo. Kuhamisha wazo kutoka lugha moja kwenda nyingine hukulazimisha ulielewe.

Chunga pia vidole vyako. Kunakili na kubandika, kupiga skrinishoti na kupiga picha ubao darasani ni namna ya kujiambia “nitasoma baadaye,” na baadaye hiyo mara nyingi haiji. Linda Henkel, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2014, aliwatembeza watu kwenye makumbusho. Vitu walivyovipiga picha nzima walivikumbuka kwa uchache kuliko vile walivyovitazama tu kwa macho. Walipotakiwa kusogeza kamera karibu na sehemu moja ya kitu, hasara hiyo haikuonekana. Ukilazimika kupiga picha ubao, chagua sehemu moja, itazame vizuri, kisha andika chini yake kwa maneno yako inasema nini.

Hatua ya 3: Funga simu, kisha eleza

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Baada ya kusoma, igeuze simu kifudifudi au ipeleke chumba kingine. Eleza ulichosoma kwa sauti, kana kwamba unamweleza mdogo wako wa darasa la sita. Au andika. Usichungulie.

Mara ya kwanza maelezo yako yatakwenda hivi: “Mwezi una mvutano. Unavuta maji yaliyo upande wake, yanavimba. Na upande wa pili nako yanavimba kwa sababu… kwa sababu…” Ulimi umekwama. Usisikitike. Hapo ulipokwama ndipo penye somo, na kama usingefunga simu usingepagundua. Vuta pumzi, jaribu tena kwa dakika moja, kisha fungua simu na usome sehemu hiyo tu.

Utakuta hivi: mvutano wa mwezi hupungua kadiri kitu kinavyokuwa mbali nao. Maji yaliyo upande wa mwezi huvutwa zaidi, kitovu cha dunia huvutwa kwa wastani, na maji ya upande wa mbali huvutwa kidogo kuliko yote. Kwa hiyo maji ya upande wa karibu hutangulia mbele ya dunia, na ya upande wa mbali hubaki nyuma yake. Bahari inavimba pande mbili kwa pamoja. Dunia inapozunguka, pwani yetu hupita kwenye uvimbe wa kwanza, kisha wa pili. Na kwa kuwa mwezi nao unasonga, kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 kuliko jana yake.

Funga tena. Eleza tena. Safari hii utapita pale ulipokwama. Kisha jipe swali la nyongeza ambalo hukulitafuta: basi bamvua na maji mafu hutokea vipi? Ukiwa umeelewa, utafika mwenyewe. Wakati wa mwezi mwandamo na wa mwezi mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa kwenye mstari mmoja, mivutano ikasaidiana, maji yakajaa sana na kupwa sana. Mwezi unapokuwa nusu, mivutano haisaidiani, maji yakawa mafu. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hupanga kazi zao kwa kufuata bamvua, maji yanapokauka hadi mashamba yao yakaonekana, na hawahitaji kumwuliza mtu. Maarifa yaliyofika kichwani huweza kujibu swali ambalo hayakuulizwa, na hicho ndicho kipimo chake.

Hatua ya 4: Andika swali, usiandike jibu peke yake

Daftari la mtu anayejifunza mtandaoni lisiwe ghala la majibu. Kunja ukurasa katikati. Kushoto andika swali, kulia andika jibu fupi kwa maneno yako. Ukirudi kulisoma, funika upande wa kulia kwa kiganja na ujibu kwanza. Daftari la namna hiyo hukuuliza, kama shangazi yule.

Maswali mazuri huanza na “kwa nini,” “vipi” na “kuna tofauti gani.” Swali la “lini” na “nani” nalo lina nafasi yake, hasa kwa historia, lakini likisimama peke yake husahaulika upesi. Ukiandika “Maji Maji ilianza mwaka gani?” ongeza “kwa nini ilianzia kwenye mashamba ya pamba ya Matumbi?” Mwaka 1905 utakaa vizuri zaidi ukiwa umefungwa kwenye sababu: watu walilazimishwa kulima pamba kwa ujira usio na maana, mashamba yao wenyewe yakikosa mikono.

Pendelea maswali machache. Matatu kwa siku yanatosha, mradi uwe umeyafanyia kazi.

Hatua ya 5: Rudi kabla hujasahau kabisa

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua. Aligundua pia kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko marudio mengi yaliyorundikwa siku moja. Kukesha usiku wa kuamkia mtihani ni kinyume cha alichokiona.

Pwani yetu ililijua hili chuoni, kwenye mikeka ya madrasa. Mwanafunzi anayehifadhi Kurani hapewi somo jipya akaachwa aendelee mbele tu. Humsomea ustadhi bila kutazama, na sura za zamani huzirudia kwa zamu ili zisimtoke, ndiyo murajaa. Hafidh mwenye juzuu zote 30 kifuani hakuzipata kwa kusoma sana mara moja. Alizipata kwa kutoa kichwani, kusahihishwa na kurudia, na mpaka leo anarudia. Utaratibu uleule unafaa kwa baiolojia, kwa misamiati ya Kiingereza na kwa hatua za kutengeneza injini ya bodaboda.

Ratiba rahisi ni hii: rudia siku inayofuata, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Kila mara funika majibu. Swali ulilojibu vizuri lisogeze mbele. Ulilokosa lirudishe kesho. Baadaye Sebastian Leitner alieneza mtindo huu katika miaka ya 1970 kwa kutumia kadi na sanduku lenye vyumba: kadi iliyojibiwa husogea chumba cha mbele, iliyokosewa hurudi cha kwanza. Boksi la viatu na vipande vya manila vinatosha.

Ukiwa na akili mnemba mkononi

Sasa wengi hawatafuti kurasa, wanaiuliza akili mnemba moja kwa moja, nayo inawaandikia jibu lililopangwa vizuri. Jibu ambalo zamani lilihitaji kusoma kurasa tano sasa halihitaji hata moja, kwa hiyo hatua ya kwanza na ya tatu zimekuwa na uzito zaidi kuliko zamani.

Kuna ushahidi mzuri kutoka Uturuki. Hamsa Bastani na wenzake waliwachunguza wanafunzi karibu 1,000 wa sekondari katika somo la hisabati, na matokeo yakachapishwa mwaka 2025. Waliopewa akili mnemba ya kawaida walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 48 kuliko wenzao wasio nayo. Ilipoondolewa wakati wa mtihani, walifanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuitumia. Kundi la tatu lilipewa akili mnemba iliyopangwa kutoa vidokezo vya mwalimu bila kutaja jibu. Hao walifanya mazoezi vizuri mno, na mtihanini hasara ile ikatoweka kwa sehemu kubwa.

Somo liko wazi, na unaweza kulitumia leo. Iambie hivi: “Usinipe jibu. Niulize swali moja moja mpaka nifike mwenyewe.” Au: “Haya ndiyo maelezo yangu kuhusu maji kujaa na kupwa. Nionyeshe nilipokosea, usiniandikie upya.” Kisha hakikisha inachosema kwenye kitabu au chanzo kingine, maana huweza kukosea kwa sauti ya uhakika kabisa.

Cha kuachia simu na cha kubeba mwenyewe

Si kila kitu kinastahili jasho hili. Ratiba ya boti, nauli, bei ya saruji wiki hii, namba za simu, tarehe ya mwisho ya maombi ya mkopo: viachie simu bila kujilaumu. Ni vitu vinavyobadilika, na kuvihifadhi kichwani ni kupoteza nafasi na muda.

Beba mwenyewe vitu vya aina tatu. Kwanza, misingi ambayo mengine hujengwa juu yake: jedwali la kuzidisha, alama za elementi za kawaida, ngeli na sarufi ya lugha unayojifunza. Mtu anayelazimika kutafuta 7 mara 8 katikati ya hesabu ya sehemu hupoteza uzi wa hesabu nzima.

Pili, mambo ya dharura. Mtoto anaharisha usiku, zahanati imefungwa, mtandao haushiki. Mzazi anapaswa kujua bila kutafuta: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazishwa, na chumvi isizidi. Anyweshwe kidogo kidogo, na safari ya kituo cha afya ianze mara tu inapowezekana.

Tatu, kiini cha kazi yako. Madereva wa teksi za London wanaotaka leseni kamili hujifunza mitaa ipatayo 25,000 kwa kichwa, kazi ya miaka kadhaa. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake waliona kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu za mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva hao. Mwaka 2011 yeye na Katherine Woollett wakachapisha matokeo ya kuwafuatilia wanagenzi tangu mwanzo: ongezeko lilionekana kwa waliofuzu, halikuonekana kwa walioshindwa. Ubongo wa mtu mzima hubadilika kwa kazi unayoupa. Muuguzi na dozi zake, fundi umeme na vipimo vyake, mwanasheria na vifungu vyake, kila mmoja ana mitaa yake ya kuijua bila ramani.

Kwa mzazi na mwalimu

Mtoto akikujia na swali, mrudishie kwa upole: “Wewe unadhani ni kwa nini, mwanangu?” Msikilize mpaka amalize, hata akikosea. Kisha tafuteni pamoja, na mwisho yeye ndiye akueleze wewe, simu ikiwa imefungwa. Kama hujui jibu, mwambie hivyo. Kumwona mzazi akifikiri kabla ya kutafuta ni somo ambalo hakuna shule inayoweza kulifundisha vizuri zaidi.

Mwalimu, anza kipindi kwa maswali matatu ya wiki iliyopita, madaftari yakiwa yamefungwa, bila alama wala adhabu. Dakika 5 tu. Ukitoa kazi ya nyumbani, usiulize kile ambacho simu hujibu kwa mstari mmoja. Mwambie mwanafunzi aandike alichodhani kabla ya kutafuta, alichokikuta, na kilichombadilisha mawazo. Kisha mwite mmoja mbele aeleze bila karatasi. Darasa likijua kwamba ndivyo itakavyokuwa kila wiki, kudesa kutakosa faida.

Wapo watakaosema: kwa nini nijitese kukumbuka wakati kila kitu kiko mtandaoni? Jibu langu ni kwamba anayejua ndiye anayeweza kutafuta. Swali lenye makali hutoka kwenye kichwa chenye kitu. Asiyejua chochote kuhusu shinikizo la damu hawezi kuona kwamba ukurasa unaouza dawa ya “kuponya kwa siku 3” unamdanganya. Anayejua misingi hushtuka kwenye mstari wa pili. Kadiri mtandao unavyojaa maelezo, ya kweli na ya uongo, ndivyo tunavyohitaji zaidi elimu iliyokaa ndani yetu ili kuyapambanua.

Basi anza usiku huu. Chagua swali moja unalolijali, andika unavyodhani, tafuta, funga simu, eleza kwa sauti, andika swali lake daftarini na uweke tarehe ya kesho pembeni. Fanya hivyo kwa maswali matatu kila siku kwa wiki moja. Siku ya nane funika majibu na ujipime kwa yote 21. Utakayoyajibu yatakuwa yako, na utakayoyakosa yatakuonyesha pa kuanzia wiki ya pili.